Mwimbaji wa Bati Jazz

Jumatano. Mvua ilianza kabla hatujanywa chai, na mpaka sasa, alasiri, kilima chote cha Naguru kiko ndani ya ukungu. Kichwa changu nacho ni hivyo hivyo.

Nimewaficha watu wa nyumba hii, na nimewaficha ninyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, kwamba kumbukumbu zinanitoka. Sisemi miwani wala funguo. Hizo huwa nazitaja kwa makusudi, ili mcheke na kuridhika. Nasema mambo makubwa zaidi. Juzijuzi mtu mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akanisimulia huku machozi yakimtoka jinsi nilivyosimama naye kwenye maziko ya mama yake. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikamwombea. Sikujua yeye ni nani, wala mama yake.

Habari za moyo wangu tunazijua sote. Daktari hakuzungusha maneno, na binti yangu Nafula amekwisha kuzoea kunipimia kila hatua kwa macho, kama mtu anayebeba mayai. Moyo utanimaliza, na si baada ya muda mrefu. Kwa hiyo niliamua kwamba habari za kichwa hazimhusu mtu. Nilijiambia nitakufa kabla hazijajulikana.

Nimechelewa kufa.

Yupo msichana aliyekaribia kufeli kwa sababu ya siri hii, na ndiyo sababu naandika.

Walionizoea wanajua kwamba nilivuka mpaka wa Busia nikiwa kijana, nikafundisha hapa Kampala, na kwamba baada ya vita vya mwaka 1986, mji ulipoanza tena kucheza, niliandika habari za muziki katika gazeti moja ambalo halipo tena. Nimestaafu siku nyingi. Lakini kila mwaka Bi Namusoke, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa idara ya habari katika chuo kimoja, huniletea kazi za wanafunzi wake. Kila mmoja hutengeneza jarida la muziki peke yake: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala moja kubwa ya kurasa mbili yenye picha. Kisha huandika tathmini, aeleze kwa nini alichagua rangi hii na maandishi yale, amemlenga msomaji gani, na amefanya utafiti gani.

Mimi ni msomaji wa nje. Maoni yangu na alama zangu humfikia kwanza mwanafunzi, ayajibu ndani ya tathmini yake, halafu vyote kwa pamoja hupelekwa kwa Bi Namusoke. Ni utaratibu mzuri. Nadhani niliupendekeza mimi.

Majarida yakifika, Nafula huyapanga mezani na kunitania. Mwaka huu aliuliza, "Haya, jaji, unaanza kumfunga nani?" Nami nilifurahi, maana ni siku chache sana siku hizi ninazoitwa kitu kingine zaidi ya mgonjwa.

Jarida lililonigusa lilikuwa la Akello. Ni binti wa askari polisi, amekulia kwenye kota za hapa hapa Naguru. Aliliita Nyuzi Sita. Jalada jekundu, maandishi ya manjano, na gitaa lisilo na mtu limeegemezwa kwenye ukuta wa mabati. Ndani, kwenye zile kurasa mbili, kulikuwa na makala kuhusu Bati Jazz: mafundi wa mtaa wa Katwe ambao baada ya vita walijitengenezea vyombo vya muziki kwa mabaki ya chuma, wakapiga dansi palepale kwenye karakana zao. Picha ilimwonyesha mwimbaji wao, mwanamume mwenye kofia iliyolalia sikio.

Nilisisimka mwili mzima. Niliwakumbuka.

Niliikumbuka Jumapili, nyundo zimepumzika, mageti yasiyopakwa rangi yamesimamishwa kando ili watu wapate pa kucheza. Nilimkumbuka mpiga ngoma aliyelishika pipa la mafuta katikati ya magoti. Na mbele yao, ndani ya kitenge cha kijani, mwanamke akiimba amefumba macho.

Mwanamke, si mwanamume yule wa kofia.

Nikashika kalamu kama nilivyokuwa nikiishika zamani. Nikaandika kwamba mwandishi hakufanya utafiti, kwamba mwimbaji wa Bati Jazz alikuwa mwanamke wa kitenge cha kijani aliyeimba amefumba macho, na kwamba fundi yeyote wa rika langu angemwambia hivyo kama angejisumbua kushuka Katwe kuuliza. Nikampa alama ya chini kabisa kwenye utafiti. Ukipata alama ile pale, hata kama mengine yote ni mazuri, unarudia kozi nzima.

Niliridhika mno. Nikampigia simu Ssalongo, rafiki yangu aliyechomelea vyuma Katwe maisha yake yote, tukumbushane siku zile. Akacheka hadi akakohoa.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa Katwe. Hiyo bendi haikuweko. Na Jumapili wewe ulikuwa kanisani, unawaharibia wanakwaya nyimbo zao."

Nikamtakia afya njema, nikakata simu nikimwonea huruma. Maskini Ssalongo, nilijisemea, uzee umemwingia kichwani.

Jana lilifika jibu la Akello. Alikuwa amechapisha jarida upya. Gitaa ni lile lile, mabati ni yale yale, lakini mwanamume wa kofia hayupo. Mahali pake amesimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani, amefumba macho. Katika tathmini yake Akello ameandika kwamba anakubali kosa, kwamba kweli hakufanya utafiti, na kwamba amemrekebisha mwimbaji kama mzee alivyomwelekeza.

Kwanza nilipiga meza kwa furaha. Nikasema, mwone, ndiye huyo.

Kisha nikaitazama picha tena. Mwanamke huyu ni mtoto. Kucha zake zimepakwa rangi mbilimbili kama za wasichana wa leo. Umanjano wa picha umelala sawasawa kila mahali, na picha ya zamani haizeeki hivyo. Nikayaweka majarida mawili sambamba. Lipi lilitangulia? Je, mwanamume niliwahi kumwona, au ndiyo kwanza namwona? Nikayabadilisha kulia na kushoto mpaka nikashindwa kujua lipi nililishika mwanzo. Nikaogopa kumwuliza Nafula.

Asubuhi hii nikamwita Akello. Alikuja na mvua yake, akaacha viatu mlangoni, akapiga goti kunisalimia, akaniita Jajja kama wajukuu wa hapa wawaitavyo wazee wao, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nikamwuliza picha ya yule mwanamke ameitoa wapi.

"Ni dada yangu, Jajja. Kitenge ni ya mama."

Na yule mwanamume je? Alikuwa mjomba wake. Kofia waliazima kwa jirani.

Nikamwuliza mwimbaji mwenyewe yuko wapi basi, wa Bati Jazz yenyewe. Akakitazama kizulia cha mlangoni.

"Haiko, Jajja. Bati Jazz mimi ndiyo niliitunga."

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia kwamba jarida si hadithi za sungura, na kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona mtu akijitungia bendi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu polepole, na nadhani kila neno lilimwuma.

"Masharti yanasema tutunge kila kitu, Jajja. Tusitumie mwanamuziki wa kweli. Na wewe ndiyo ulitwambia. Ulikuja darasa, muhula ikianza."

Sikumbuki kwenda darasani.

Alinieleza. Nilifika nimeshikwa mkono na Nafula. Nilikataa kiti. Niliwaambia watunge wanamuziki, watunge nyimbo, hata bei juu ya jalada iwe ya uongo, ila uongo ambao muuza magazeti angeukubali. Darasa zima lilicheka. Nilipomsikia akisema hivyo nilicheka nami, kwa sababu hayo ni maneno yangu kabisa. Ni mimi. Ningeyasema hayo. Lakini nikiitafuta siku hiyo kichwani, pako peupe, hata kivuli hakuna.

Basi kwa nini hukunijibu hivyo, nilimwuliza. Kwa nini ulikubali kosa ambalo si lako, ukaliandika kwa mkono wako?

"Nitakubishia vipi, Jajja? Na nikafikiri, labda bendi kama hiyo ilikuweko kweli, mimi nikaitunga tu bila kujua."

Sijui kama mtu amewahi kuniheshimu kwa namna inayoumiza kiasi hicho. Mtoto alikuwa na haki mkononi, na masharti yaliyoandikwa, na darasa zima la mashahidi. Lakini mimi ni mzee, na mzee harudishiwi neno. Kwa hiyo alichagua kujitilia shaka yeye. Ijumaa kazi inapelekwa kwa Bi Namusoke, na humo ndani Akello amejihukumu mwenyewe kwa sahihi yake. Nikinyamaza, nilijiambia, atarudia kozi kwa sababu ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.

Akello mwenyewe alinionyesha njia nyepesi. Nibadilishe alama tu, alisema, naye airudishe tathmini yake ya kwanza. Hatamwambia mtu. Alisema hayo kwa upole, kama unavyomwambia mgeni aliyevunja kikombe kwamba kikombe kilikuwa na ufa.

Nilishawishika. Nitakosa nini? Bi Namusoke angedhani kalamu iliteleza. Majarida yangeendelea kuletwa, na mwakani, kama mwakani nipo, Nafula angeniita tena jaji.

Lakini mezani pana majarida mengine ambayo nimekwisha kuyasahihisha. Nilichukua moja nikasoma maoni yangu. Yameandikwa kwa mwandiko wangu, kwa lugha safi, bila kusitasita. Nimemsifu kijana mmoja kwa kunikumbusha ukumbi fulani wa dansi. Ukumbi huo ni wa kweli, au naye aliutunga? Ninauona mlango wake, ninaiona hata taa yake ya bluu. Siwezi kusema.

Na yule mwanamke, hata baada ya Akello kuondoka, bado anaimba. Hili ndilo linalonichanganya kuliko yote. Nilitarajia kwamba nikiambiwa hayupo, atanyamaza. Ninaujua wimbo wake mpaka kiitikio. Ninajua mahali anapovuta pumzi. Ametoka wapi? Ni wa kwaya ya Busia, ni wa harusi ya mtu, ni wa redio ya jirani? Au hakutoka popote, nimemshona mwenyewe kwa vitambaa vya watu wengine?

Nimewahi kuandika habari za wanamuziki wangapi, kwa uhakika huu huu?

Nikamwita Nafula sebuleni. Nilitaka awepo, kwa sababu najua nisingeweza kulisema mara mbili. Nikampigia simu Bi Namusoke mbele yake, nikamweleza habari ya Akello tangu mwanzo. Nikamwomba aifute alama ile, aipokee tathmini ya kwanza, na ampe msomaji mwingine majarida yote ya mwaka huu, yasomwe upya. Nafula alisimama nyuma ya kiti changu. Sikumtazama.

Bi Namusoke hakushtuka, au alijua kuficha. Alisema ataifuta leo leo, Akello asiwe na wasiwasi. Halafu akaanza kunibembeleza. Wazee wote husahau, alisema, hata yeye siku hizi huacha simu ndani ya friji, na majarida ataniletea tu, nipumzike kidogo. Alikuwa akinifungulia mlango niupite. Nilimwacha amalize, kisha nikamjibu.

"Sisahau tu, mwanangu. Ninakumbuka mambo ambayo hayakuwako, na siwezi kuyatenganisha na yaliyokuwako."