Wageni Uliowapikia Pweza

Mama yangu,

Ungekuwepo ungecheka kusikia kazi ninayofanya siku hizi. Skuli yetu ya Kiembe Samaki, huku mjini, imeanza kufuata mtaala wa Kimarekani, nami ndiye ninayewasomesha darasa la nne historia ya mwanzo ya Marekani. Mimi, mtoto wa Makunduchi, ambaye hata theluji sijaiona!

Juzi tulifika kwenye habari ya wazungu waliovuka bahari wakafika kule na njaa yao. Wenyeji wakawafundisha kupanda mahindi, na mavuno yalipotoka wakakaa kula pamoja. Nilisimulia kwa mbwembwe zote. Salha, mtoto asiyekubali jambo lipite hivi hivi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wale wageni siku nyengine waliwaalika wenyeji kwao?"

Kengele ikalia kabla sijajibu. Nikashukuru, kisha nikakukumbuka wewe.

Unakumbuka Mwaka Kogwa ule, sikukuu yetu ya mwaka mpya, nilipokuletea walimu wenzangu? Kwetu nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina raha, na wewe tangu alfajiri ulikuwa huketi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ukawaambia mlangoni. Ukamchinja yule jogoo wako mkorofi, ukapika na pweza wa nazi, ukawatandikia mkeka mpya, sisi wawili tukala jikoni. Walijilamba vidole. Walipokuwa wanaaga ukanivuta pembeni.

"Nami skuli yenu ntakuja kuiona lini, mwanangu?"

"Ntakwambia, mama."

Siku ya wazazi ikaja, na nyingine, na nyingine, sikukwambia. Niliona haya. Niliogopa uje na kanga zako na kikapu cha mihogo, uwaamkie wakubwa wa skuli kwa lafudhi ya kwetu, wenzangu wacheke. Wenzangu hao hao uliowalisha! Nikawa nakuonyesha picha kwenye simu, nawe ukisema imependeza, inatosha. Umefariki hujakanyaga mlango wa skuli yetu. Naandika haya uso unaniwaka.

Leo asubuhi nimemjibu Salha. Nimemwambia hapana, sijasoma popote kwamba waliwaalika.

"Kwa hiyo walikula tu wakenda zao?"

"Hawakwenda. Walibaki, wakaongezeka, na ardhi wakaichukua."

"Lakini kwa nini, mwalimu? Si walilishwa?"

Sikufungua kitabu. "Walijiona bora kuliko waliowalisha," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya darasa zima. Salha akaja kunishika mkono. Watoto walidhani nawalilia wenyeji wa Marekani, nami nikawaacha wadhani hivyo. Hata leo, mama, nimekuficha.

Mungu akulaze mahali pema, na kama huko mnasamehe, nisamehe.

Mwanao,
mgeni wa kwanza uliyemlisha