Ngoja Amalize Mwenyewe

Jumapili, 4 Agosti

Nimemfikisha Kitinda chuoni kwenye hilo kongamano lao la uongozi wa vijana. Wiki nzima! Na huyu mtoto hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Nguo zote nimezipiga pasi mwenyewe, hata soksi. Baba yake kanicheka — soksi nazo? Nikamwambia, mimi pasi ndiyo kazi yangu, mwanangu aende na soksi zilizojikunja watu waseme nini.

Pale kwenye usajili nilijibu mimi. Jina, umri, fulana saizi gani, anakula nini na nini hali. Halafu karani akamgeukia mwenyewe: na wewe dada, umekuja kujifunza nini? Kitinda akanyamaza. Ndivyo alivyo, hufikiri kwanza mpaka amalize, ndipo aseme. Ule ukimya wake mimi siuwezi. Nikadakia — kujiamini! Karani akaweka kalamu chini. Mama, kongamano unahudhuria wewe au binti? Foleni nzima ikaangua kicheko. Kitinda akatazama viatu vyake.

Jioni nimempakulia chakula chake kwa mazoea. Nikakirudisha sufuriani.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeshindwa kuvumilia. Saa ya chai nikampigia mkufunzi wao, yule msichana wa raba nyeupe, namba alitugawia wazazi. Nikamwomba, mwanangu asisimamishwe mbele za watu. Atanyamaza, watamcheka, atarudi amenywea. Akasema, sawa Mama, nimekuelewa. Moyo ukatulia tuli.

Kumbe pasi nimeiacha juu ya shati la mteja! Jeupe! Mwenzangu wa meza ya pili akapiga ukelele: we mama, unanyoosha au unachoma mkaa? Bahati alama iko chini kabisa, kwenye kuchomekea. Dobi mwenyewe, bosi wetu, hajaona. Mungu nisitiri.

Jumatano, 7 Agosti

Kitinda kapiga, kwa simu ya mwenzake. Kundi lao lilimchagua mwenyekiti! Jana! Kwa kunyoosha mikono! Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Sikumaliza. Akasema, ngoja Mama. Mkufunzi alimwita pembeni, akamwambia kama ni mzigo apumzike tu, nafasi akapewa mwingine. Kisha akauliza: Mama, mkufunzi kajuaje kwamba mimi huwa nanyamaza?

Mimi mwenye majibu ya kila mtu. Nikamuuliza kama amekula.

Akangoja. Akazidi kungoja. Mwisho akasema: haya, Mama. Akakata.

Baba yake hakunigombeza, heri angegombeza. Kaniambia taratibu tu, unakumbuka kwa daktari? Nitasahauje. Kitinda alikuwa mdogo, daktari kamuuliza unaumwa wapi, mimi nikasema tumbo. Kanyweshwa dawa ya tumbo mpaka chupa ikaisha, kumbe ni sikio. Nikamuuliza mtoto, mbona hukusema? Akasema: nilikuwa nakaribia kusema.

Nilikuwa nakaribia kusema! Nimelia leo, wakati ule nilicheka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda chuoni. Nimemkuta mkufunzi koridoni na mafaili kwapani. Nikamwambia, mrudishie mwanangu kiti chake, nilisema mimi, hakunituma. Akasema hawezi kumnyang'anya aliyepewa, naye hana kosa. Akanivutia kiti. Akasema, Mama, hata mimi nimekosea, nilipaswa kumuuliza yeye, nikakusikiliza wewe. Jumamosi kila kundi litatoa msemaji wa kueleza kazi yao mbele ya wazazi. Watachagua wenyewe. Mimi sitasema neno — na wewe pia usiseme neno. Akanikazia macho na hako kaumri kake! Nikaitika kama mwanafunzi.

Wakati wa kutoka nikapita dirishani kwao. Sikuchungulia. Nilichungulia kidogo. Wamekaa duara, chati imetandazwa sakafuni, wanapanga njia salama ya watoto kuvuka barabara mbele ya shule. Mmoja akamuuliza Kitinda kitu. Akanyamaza. Nikashika ukuta.

Wakamngoja! Hakuna aliyecheka. Kijana wa kofia nyekundu alikuwa amefungua kalamu, kalamu iko hewani, anangoja. Kisha Kitinda akasema, wote wakainamia chati kwa pamoja. Alisema nini sikusikia. Kioo kilikuwa kimefungwa.

Njia nzima nilikuwa najiuliza, wale watoto wamefundishwa na nani?

Ijumaa, 9 Agosti

Wamemchagua msemaji!! Kapiga mwenyewe. Mama uje, na Baba. Lakini —

Akanyamaza. Nikauma ulimi. Nikashika ukingo wa meza.

— lakini uniache nimalize mwenyewe.

Nitakuacha, mwanangu.

Akasema, ya mkufunzi yameisha, Mama, usilie. Nilikuwa silii. Nilikuwa nalia. Baba yake kaleta pipi za mnanaa, eti nikae nazo mdomoni kesho siku nzima. Mshenzi huyu.

Jumamosi, 10 Agosti

Niko ukumbini, naandikia pajani. Pipi nimezitafuna zote kabla hata ya kundi la kwanza. Imebaki kalamu. Mkono ukiwa na kazi labda mdomo utatulia.

Wameitwa. Anapanda. Soksi zimekaa vizuri.

Amesalimia. Ameeleza ile njia ya watoto, nani atasimama wapi asubuhi, nani ataongea na madereva. Hajakosea! Wamempigia makofi. Sasa yule karani wa usajili — huyo huyo! — amechukua kipaza sauti, anamuuliza: na wewe dada, mwenyewe umejifunza nini?

Kanyamaza.

Kujiamini, mwanangu. Sema kujiamini! Neno hili hapa, liko ncha ya ulimi wangu.

Ukumbi umetulia. Mtu anakohoa nyuma. Baba yake kaweka mkono juu ya goti langu. Mkufunzi ananitazama mimi, si yeye. Wenzake wa kundi hawana hata wasiwasi, wamekaa kama watu wanaongoja maji yachemke.

Naandika. Naandika tu. Labda si kujiamini. Labda ni sikio.

Ameinua uso. Anavuta pumzi —