Jumanne za Boanamary

Mahabibo, Mahajanga

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Amani iwe nawe na wote wa hapo Pangani. Goti lako linaendeleaje? Usiniandikie "si haba". Niandikie kama unapanda ngazi za shule au hupandi. Mimi ni mzima. Darasani tunasema Kifaransa, sokoni Kimalagasi. Kiswahili changu kimebaki cha dua na cha kukuandikia wewe.

Kazi yangu unaijua: kuwafundisha wanafunzi wa uzamivu njia za kufanya utafiti wa elimu. Ni watu wazima, wengine wana mvi, lakini bado hupenda kupata jibu kabla ya kuuliza.

Hodari wao ni Zalihata, binti wa Kingazija kutoka Andoany, kule Nosy Be. Huniita "fundi", kama kwao wanavyowaita walimu. Alikuwa akichunguza mahudhurio ya watoto katika shule moja ya Boanamary, kijiji kilicho karibu na mlango wa mto. Jumamosi iliyopita alipaswa kusimama mbele ya jopo la watahini. Wakimkataa, angerudi Andoany kuuza vitambaa dukani kwa shangazi yake, na masomo ndiyo basi.

Matokeo yake yalikuwa mazuri ajabu: kila alipokwenda, madawati yalijaa. Hata mimi nililisifu jedwali lake. Kisha akasahau mwavuli shuleni. Alizoea kwenda Jumanne, kwa kuwa siku hiyo hatuna vipindi. Mwavuli akaufuata Jumatano. Akakuta nusu ya darasa tupu.

"Watoto wako wapi?" akamwuliza mwalimu.

"Mtoni na wazazi wao, wanavua kamba. Kuvua ni mwiko Jumanne tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Madamu, uliuliza wangapi wapo. Hukuuliza leo ni siku gani!"

Kwao Andoany, Jumanne ni siku kama nyingine. Alinijia uso umemshuka. Mwanafunzi mwenzake, Rivo, akamwambia mbele yangu, "Dada, nyamaza. Jopo halivui kamba." Nilimkemea, ingawa nusura nicheke. Lakini Zalihata sikumwamulia la kufanya. Jedwali lilikuwa na jina lake.

Jumamosi alianza na kosa lenyewe. "Sikupima mahudhurio," alisema. "Nilipima mwiko."

Mwenyekiti, mkali kunishinda mimi, akavua miwani. "Kwa hiyo, bibie, safari zote hizo umerudi na nini?"

"Na mwavuli, mheshimiwa. Na swali."

Wakacheka, kisha wakamwagiza arudi Boanamary siku zote za masomo, aanze upya. Hawakumkataa. Rivo naye ameanza kuliandika upya pendekezo lake la utafiti, sijamwuliza sababu. Nimeridhika, mdogo wangu, kuliko siku yoyote tangu nije huku.

Nisalimie shemeji, apunguze tumbaku. Na shangazi yetu mshona kofia. Na mwanao fundi redio, ambaye haniandikii. Nawe, mwalimu mkuu, nijibu hili kwa ukweli: mkaguzi huja shuleni kwenu siku gani, na ni nani huwajulisha ninyi mapema?

Kaka yako akukumbukaye,
Athumani