Walio Tumboni mwa Silwal

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Kosele tangu asubuhi.

Miaka yote hii nimekata nyasi nikidhani namlisha ng'ombe.

Juzi, wageni wa mwisho wa mazishi ya mume wangu walipoondoka, ugali na mahindi vilibaki sufuria kwa sufuria. Shemeji yangu Ouma akammwagia Silwal, ng'ombe wa marehemu, karai zima. "Na yeye amefiwa," alisema. "Mwacheni ale kama watu." Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jana Silwal alilala, tumbo limevimba, hacheui. Mume wangu alikuwa na tabia ya kusimama zizini kila jioni kumsikiliza akicheua. Alisema asipoisikia sauti hiyo, chakula hakishuki. Jana zizi lilikuwa kimya.

Siwezi kuzika wawili.

Leo daktari wa mifugo amenieleza jambo lililonikalisha chini kwenye matope. Ng'ombe hameng'enyi nyasi peke yake. Nyasi ni sukari iliyofungwa kwa minyororo mirefu, na bakteria walio tumboni mwake ndio wanaotoa vimeng'enya vya kuikata. Wao wanakula kwanza, yeye anaishi kwa kile wanachomwachia. Ugali ule ulichacha ndani, ukawa asidi, ukawaua.

Alimnywesha maji ya magadi, kisha akamtuma Ouma kichinjioni. Ouma akarudi na ndoo ya maji kutoka tumbo la fahali aliyechinjwa asubuhi hiyo, bado yana joto, yananuka vibaya.

"Shemeji, shika pua!" nilimwambia.

"Nishike pua, ndoo, ama ng'ombe?"

Daktari aliyachuja kwa leso yangu, akamnywesha Silwal kwa chupa.

Fahali amekufa. Nyama yake inaning'inia buchani. Na ndani ya ndoo ile walikuwemo bakteria wake, wangali hai, tayari kufanya kazi kwa mwingine.

Sijui niliweke wapi jambo hili moyoni. Naliandika tu.

Jioni hii nimesimama zizini, pale alipokuwa akisimama mume wangu. Kwanza kimya. Halafu taya la Silwal likasogea, likatulia.

Likasogea tena.

Nimeingia ndani, nimejipakulia, na chakula kimeshuka. Kesho nitatoka mapema kukata nyasi. Nina wengi wa kulisha.