Pampu Mbili za Suleman

Suleman,

Chai iko kwenye chupa, mahamri nimeyafunika. Mdogo wako Asmaa asiyamalize. Gari lako usilitafute uani, liko kwa fundi Nchagwa.

Usianze kelele, soma kwanza. Alfajiri nililichukua kwenda soko la Ogwedhi kununua mbuzi wa hoteli, kama kila wiki. Likanizimikia njiani. Nchagwa akalivuta hadi gereji, akafungua tanki, akauliza, "Mama, hii taa ya mafuta imewaka tangu lini?" Nikamwambia huwaka siku zote. Mimi huweka petroli ya shilingi mia mbili tu, ya kunifikisha.

Akatikisa kichwa. Kumbe pampu ya mafuta hukaa ndani ya tanki, na petroli ndiyo huipoza. Hiyo yako kubwa, ya mashindano ya magari ya Homa Bay, hupata moto haraka zaidi. Tanki likikaribia kukauka, inaungua.

Kwa hivyo ile ya kwanza iliyoungua haikuwa feki, wala hii ya pili aliyokubadilishia Mohammad. Ni mimi niliyeziunguza zote mbili.

Na jana ulimwita mwizi dukani kwake, eti alikuuzia pampu feki, rafiki aliyesafiri mpaka Nairobi kukuchagulia. Mimi nilikuwa kando yako, nikipiga kelele kukushinda.

Sasa nakwenda kumwomba radhi, mbele ya wateja wale wale.

~~Wewe usije, kosa ni langu.~~

Suleman, kunywa chai haraka unifuate. Nitakungoja nje ya duka. Naona haya kuingia peke yangu.

Mamako