Mikaratusi ya Kisimani

Manga, Sabato alasiri

Dada Kerubo,

Tumetoka kanisani na Mama amelala kidogo. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, pale ulipopenda kuvulia viatu vyako vya Bunge. Ulikuwa ukifika kutoka Nairobi, unavivua na kuniita, "Kemunto, niletee maji ya kisimani, si ya tangi." Nikisikia gari barabarani bado natega sikio.

Kiti chako kilienda kwa mtu wa chama kikubwa. Hana ubaya, hutusalimia vizuri. Lakini lile kundi la wabunge wa chama chenu cha kijani, mliokuwa wanne tu, sasa wamebaki watatu. Unakumbuka vijana wa boda boda wa Ikonge? "Mheshimiwa, si kundi lenu lote tunalibeba kwa pikipiki moja!" Nawe ukawajibu, "Tubebeni, lakini mafuta ni yenu." Siku hizi wakiniona wananyamaza. Heri wangenitania.

Najua ule mswada wa kuondoa mikaratusi inayonyonya maji kando ya chemchemi ulivyokuumiza. Kila uliposimama kuutetea, kuna mtu alikuwa akipaza sauti upande wa pili: "Aanze na ya mama yake!" Na ilikuwa kweli. Baba aliipanda pale kisimani kwetu, ikatusomesha, na Mama hakutaka kusikia habari ya kuikata. "Hiyo miti ni baba yenu amesimama," alikuambia. Ungeweza kuleta watu wa msumeno. Hukuleta. Ulishuka ukakaa peke yako, ukatazama maji yakidondoka. Na tulipokuwa wadogo ndoo ilikuwa inajaa kabla hatujakata jani la mgomba la kuifunika!

Siku tuliyokuzika kuni hazikutosha. Watu walijaa hadi ndani ya shamba la majani chai. Wenzako watatu walikaa chini ya turubai na majirani, wala hakuna aliyeomba kipaza sauti. Vijana wakamwuliza Mama wakate mti upi. Hakuinua uso. "Ya kisimani," akasema. "Yote."

Tukadhani ni uchungu unaosema. Akarudia, "Kerubo aliniomba muda mrefu. Wapikieni wageni wake."

Ugali wa matanga yako uliiva kwa moto huo, dada. Uliyetamani kuuona ni wewe, na wewe hukuwepo.

Juzi tulisikia redioni kundi lako limeurudisha mswada. Mbunge mmoja wa upande wa pili akadakia kwamba hata mwenyewe aliyeuleta alishindwa na mama yake. Yule mwenzako mrefu akamjibu, "Mama yake aliikata siku ya mazishi. Mimi nilikula ugali uliopikwa kwa kuni zake." Mama alikuwa akichambua mboga za chinsaga, mikono ikasimama. "Kumbe waliona," akasema, kisha akaendelea kuchambua.

Kura bado. Watatu ni watatu, sijui kama watapata kura za kutosha.

Lakini visiki vya mkaratusi havifi upesi, wajua. Vinachipua. Mama alikuwa akishuka na panga kukata machipukizi, akinung'unika kana kwamba anazozana na Baba. Sasa magoti yamemkataa, panga nimelichukua mimi. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna chipukizi litakalogeuka mti pale. Maji yameanza kurudi. Si kama zamani, lakini ukiimba wimbo mmoja wa kanisa mpaka mwisho, ndoo imejaa. Huwa naimba ule uliokuwa ukiuharibu.

Tunafundishwa kanisani kwamba umelala hadi ufufuo na husikii haya. Basi barua hii ikungoje. Lala salama, dada yangu. Asubuhi ile utakapoamka, kabla hujauliza habari za Bunge, niite kama zamani, nikuletee maji.

Unikumbuke.

Mdogo wako,
Kemunto