Hab ya Gurudumu la Kulia

Jumamosi, 9 Aprili 1988
Kisumu tena, dawa za zahanati. Sista Rosa, muuguzi wetu, akipanga foleni stoo, mimi nikateremsha gari ziwani. Kila Jumamosi ni hivyo, mimi na nusu ya madereva wa mji huu: unaliingiza majini hadi katikati ya magurudumu, unasugua. Lilitoka linang'aa. Sista ananitania kwamba nalipenda kuliko Mama Atieno. Si uongo sana.

Tukirudi, Katito tulikuta mvua. Nikashuka kufunga hab za mbele, zile za kuzungusha kwa mkono ili magurudumu yashikane na ekseli. Ya kushoto ilizunguka vizuri. Ya kulia ngumu.

Jumatatu, 11 Aprili
Mvua haijakata. Hab ya kulia haizunguki bila koleo. Ya kushoto ikifika LOCK unaisikia ikishika: ka! Ya kulia kimya. Lakini mshale unaonyesha LOCK, basi.

Fundi Omollo alikuwa anapita, akachuchumaa bila kuombwa. "Baba Atieno, hii iko na maji ndani. Ziwa imekula grisi yote. Fungua leo."

Nikamwambia Jumamosi. Miaka kumi na moja naendesha, sifundishwi gari langu barabarani.

Jumatano, 13 Aprili
Kwa Okeyo, mchimba mchanga kule ufukweni. Mkewe Adhiambo amebakiza siku chache kujifungua. Sista amempapasa: mtoto ametanguliza matako. Asijaribu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza, watuite.

Okeyo hakumuuliza Sista. Aliniuliza mimi. "Na gari itafika, na hii udongo yetu nyeusi?"

Nikasema itafika. Leo njia ilikuwa imekauka kidogo, magurudumu ya nyuma yalitosha. Hab haikupata mtihani wowote. Moyo wangu hautulii.

Alhamisi, 14 Aprili
Mvua kubwa tangu mchana. Nilitoa spana. Nikazirudisha.

Ijumaa, 15 Aprili
Saa mbili asubuhi ndugu ya Okeyo alifika kwa baiskeli, tope hadi magotini. Uchungu umeanza. Nikafunga hab zote mbili, nikavuta gia ya fowili ili magurudumu yote manne yavute, tukaenda.

Tulikwama tukiliona paa la Okeyo. Nikamwachia Sista usukani, nikashuka kutazama. Gurudumu moja la nyuma linarusha tope. Ya mbele yote mawili yamesimama tuli.

Hapo nikajua. Hab ya kulia haikushika kitu. Ekseli inazunguka bure ndani yake. Na difu, zile gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili, hupeleka nguvu zote upande uliolegea, kwa hiyo hata gurudumu la kushoto, ambalo ni zima kabisa, halikupata kitu. Moja lililokataa limeyaua yote mawili.

Nilipiga kwa koleo, kwa nyundo, mwisho kwa ngumi. Sista alivua viatu akaenda kwa miguu. Wanaume walikuja na majembe, wakachimba, wakasukuma. Tulikuwa tumekwama tangu saa tatu. Tulitoka saa saba mchana. Adhiambo walimleta juu ya mlango walioung'oa nyumbani. Hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Kisumu madaktari wamemwokoa. Mtoto alikuwa ameshafariki. Wa kiume.

Jumamosi, 16 Aprili
Nimeifungua hab. Maji mekundu ya kutu yakamwagika. Grisi hakuna hata ya kupaka kidole. Kazi ya nusu saa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sista aliuliza ni nini kilitukwamisha, aandike ripoti. Nikasema tope. Ameandika tope.

Omollo alipita. Aliiona hab iko wazi juu ya gunia. Akaendelea na njia yake. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 23 Aprili
Kisumu, dawa. Sikuteremka ziwani. Madereva waliniita, nikasingizia mgongo. Gari limerudi chafu.

Jumapili, 24 Aprili
Baada ya kanisa Okeyo alikuja nyumbani. Amebeba kuku, jike, mweupe. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, Baba Atieno. Bila gari yako ningezika wawili."

Nilimpokea. Nikamwambia pole. Tulikunywa chai. Adhiambo ameanza kutembea, anakula vizuri. Nilimsindikiza hadi barabarani, na habari ya hab sikuitaja.

Kuku nimemfunga nyuma ya jiko. Mama Atieno anauliza achinjwe lini. Nikaenda kumtupia kuku mahindi.